Tulivyopeleka Maji ya Ruziba Mpaka Dar

Bon. Tangu nimerudi, kila mtu darasani ananiuliza: "Saidi, Dar iko je? Umeona bahari? Umekula nini?" Nikimaliza kumjibu huyu, yule anaanza. Sasa nimeandika mara moja, mpitishiane, halafu mniache. Bahari niliiona dirishani, kwa mbali, kama mtu asiyealikwa anavyoona harusi ya jirani. Mi nilikwenda kubeba sanduku la maji. Tena sikulibeba vizuri, au nililibeba vizuri lakini haikusaidia. Mtaona wenyewe.

Ruziba

Kwa wale wa Buyenzi, Bujumbura mjini, wanaodhani Ruziba ni mahali pa kula samaki wa mukeke wa kuchoma Jumapili tu: kuna watu wanaishi pale, na bomba lao linatoa hewa. Tunakunywa kisima. Kisima cha Bibi yangu kiko uani, na nusu ya mtaa inakitegemea. Zamani kiangazi kilipofika kilitoa tope, kisha kikatoa kikohozi, kisha basi.

Mama yangu ana mdogo wake, Tantine Aisha, anayesoma mambo ya maji chuo kikuu. Ndiye aliyewashawishi watu wachimbe shimo kubwa upande wa juu wa mtaa na kulijaza mawe, kokoto na mchanga. Maji ya mvua yanayopita mferejini yanaingia humo, yanachujwa polepole, yanazama ardhini na kwenda kuongeza yale maji ya chini yanayolisha visima. Watu walicheka sana. Walisema Aisha anataka kunywesha udongo, udongo wenyewe haujalalamika kiu. Lakini walichimba, na kiangazi kilichofuata kisima cha Bibi hakikukauka. Wacheshi wa mtaa wakakosa kazi, nami nikiwa wa kwanza.

Halafu maneno yakaanza. Mfereji ule, kabla ya kufika shimoni, unapita nyuma ya zahanati moja. Mmoja akasema wanamwaga humo maji ya kufulia mashuka ya wagonjwa. Mwingine akaongeza kwamba wanamwaga na dawa. Maneno yakatembea mpaka kwa shefu wa mtaa, mzee Nestori, akaja kwetu, akakaa uani mbele ya Bibi.

"Aisha, mi sina ugomvi na shimo lako," alisema. "Hata mi nakunywa maji haya haya. Lakini mutoto wa mutu akiharibika figo, watakuja kugonga kwangu, apana kwako. Uniletee jibu mbele ya kikao cha mtaa. Dawa iko ama haiko. Bila jibu, tunafukia."

"Nitaleta," Tantine alisema.

Basi, safari yote ilikuwa hiyo: kuleta neno moja.

Dawa ikishazama ardhini inabaki kidogo sana, kama chozi lililodondoka ziwani, na mashine ya kuona kitu kidogo namna ile hatukuipata kwetu. Rafiki wa Tantine anayo kwenye maabara huko Dar es Salaam. Tukachukua chupa sita za kioo cha kahawia. Mbili tulizijaza maji ya shimo, mbili maji ya kisima cha Bibi. Mbili za mwisho Tantine aliziita mashahidi.

"Humu mna maji safi kabisa yaliyotengenezwa maabara," alinieleza. "Yanasafiri na mengine, yanakaa kwenye barafu moja, yanatingishwa na barabara moja. Wakikuta dawa ndani ya shahidi, tutajua imeingia njiani, haikutoka kisimani. Bila shahidi, mutu anaweza kusema lolote."

Kwa kuwa kinachotafutwa ni kidogo hivyo, hata sisi wenyewe tulikuwa hatari. Tantine alinikataza kahawa, manukato, dawa ya mbu na vidonge vya kichwa. Mama alipotaka kunipaka mafuta ya mgando ili wasiseme mtoto wake ana ukurutu, Tantine alimdaka mkono hewani kama amekamata mwizi. Nikaondoka Burundi nikiwa mkavu, nimepauka, nanuka kama binadamu wa kwanza, na glasiyeri, yaani sanduku la barafu, begani. Ilikuwa nzito kama dhambi za mtu mwingine.

Ruziba mpaka Nyanza-Lac

Mnajua petroli ilivyo adimu kwetu, sina haja ya kuwasimulia. Taksi yetu ilikuwa ya Tonton Dezire, mtu anayeamini kwamba gari linakwenda kwa maneno matamu. Kabla ya Rumonge lilikataa maneno. Tukakaa kando ya barabara chini ya jua, Dezire akaondoka na bidoni tupu kwa baiskeli ya mtu, akarudi jua limehama upande. Alisema amepata "kidogo ya kunusisha injini." Sisi tulikuwa tumekula ndizi zote na tumeanza kumtazama kuku wa abiria wa mbele.

Tulipita Rumonge, na mbele kidogo tukakuta kizuizi. Bwana mmoja wa pale alifungua glasiyeri, akaona chupa za kahawia zimelala kwenye barafu. Uso wake ukafurahi kabla ya mdomo.

"Kanyanga," alisema. Kanyanga, kwa wasio na wajomba, ni pombe kali ya kienyeji ambayo hairuhusiwi.

"Ni maji, patron," Tantine alisema.

"Maji yanalala kwenye barafu, mi nalala kwenye mukeka? Fungua ninuse."

"Yakifunguliwa yanaharibika. Ni ya kupimwa."

"Ah. Basi ni sumu."

Kwetu neno hilo huwezi kulirusha tu ukaondoka. Yule bwana hakukasirika hata. Alisema kwa upole, kama mwalimu wa katekisimu: "Mama, wewe ni wa hapa, unajua desturi. Mwenye kinywaji anaonja kwanza, wengine wanaona. Onja, mupite."

Nilimwona Tantine anazitazama chupa zake moja moja. Maji ya kisima, apana. Maji ya shimo, ndiyo hayo yanayoshukiwa. Akatoa shahidi mmoja, akafungua, akanywa. Yule bwana akasubiri aanguke. Hakuanguka. Basi akaipokea chupa, akaonja, akaendelea kuonja mpaka ikaisha. Alikuwa na kiu, masikini, amesimama pale tangu asubuhi.

"Haina ladha hata kidogo," alisema, akirudisha chupa. "Munapeleka maji kama haya Tanzania, wao hawana?"

Abiria walicheka mpaka Dezire akasahau kuwasha gari. Mi pia nilicheka. Tantine alikuwa anapanga barafu upya.

"Amebaki shahidi mmoja," alisema. "Inatosha. Mmoja anatosha."

Nyanza-Lac barafu yenyewe ikawa maji. Tulilala kwa mama mmoja wa samaki anayejuana na Dezire. Alitupa ugali, ndagala wa kukaanga na barafu ya kutosha, ila barafu ile ilikuwa imekaa na samaki tangu sijui lini. Kuanzia hapo kila paka wa njiani alitusindikiza. Nilimwambia Tantine kwamba tukikosa majibu ya maji, angalau tumevumbua namna ya kusafirisha paka. Alitabasamu kidogo. Nawaambia hiyo kwa sababu ndiyo mara ya mwisho.

Kigoma

Mpaka tuliuvuka salama, wa Tanzania waliona chupa, wakapiga mihuri, wakatuacha. Kutoka Manyovu barabara inateremka kati ya migomba mpaka Kigoma, na mi nilidhani shida zimeisha kwa sababu hata upepo ulikuwa mzuri.

Treni haikuwepo. Mvua zilikuwa zimekula sehemu ya reli mahali fulani mbele, na kila tuliyemuuliza alijibu, "Kesho." Kesho ilipofika wakasema kesho. Kila siku barafu yetu inayeyuka, kila siku Tantine anakwenda kwa wavuvi kutafuta nyingine, kila siku kikao cha Ruziba kinasogea. Alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya kitenge, akidhani sioni.

Tulikuwa tunakula kwa mama mmoja mwenye meza karibu na stesheni. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mama, mi nataka maharagi na wali, mais apana pilipili."

Aliacha kijiko hewani. "We mtoto, hicho Kiswahili ulikiokota wapi? Kama mtu amemeza Mfaransa halafu hakumtafuna."

"Bujumbura, mama."

"Pole. Na huyu shangazi yako mbona hali?"

"Anakula."

"Anatazama chakula. Kutazama si kula. Mmefiwa?"

"Apana, mama. Tunapeleka maji Dar."

Alimtazama Tantine, akatazama glasiyeri, akaniongezea maharage bila kusema kitu. Tangu siku hiyo alinihudumia kama mtoto wa nyumba yenye msiba.

Treni mpaka Tabora

Treni ilipokuja, ilikuja kama mgonjwa. Ilikwenda kidogo, ikapumzika, ikafikiri. Kiti cha mbele yetu alikaa Mama Sifa, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Uvira, mtu mnene, mwema, mwenye sauti ya kwaya. Kabla hatujafika mbali alikuwa ameshatugawia mihogo ya kuchemsha, karanga na maombi. Mguuni alikuwa na kidonda, kimemsumbua tangu alipojigonga kwenye mtumbwi. Alikuwa anakitibu kama tunavyokitibu sote: anachukua kidonge cha tetra, kile cha rangi mbili, anakifungua katikati, anamwaga unga wa njano juu ya kidonda. Kisha anajifuta vidole kwenye kitenge na kuendelea kugawa karanga. Nilizila, zilikuwa tamu.

Tabora treni ilisimama, wakasema itakaa. Barafu ilikuwa imeisha tena, na tumbo langu lilikuwa linapiga ngoma. Tantine alisema mi nikatafute chakula, yeye akatafute barafu. Wasafiri hulindiana mizigo, hiyo mnaijua. Akamwambia Mama Sifa:

"Mama, tuangalizie hii glasiyeri. Maji haya ni ya maana sana. Kuna watu wengi wanayasubiri, maisha yao yako humu. Mutu asiyaguse."

"Nenda, binti yangu," Mama Sifa alisema, na akaweka mkono juu ya kifuniko kama anabatiza.

Nilirudi na mahindi ya kuchoma na chupa ya asali, maana Tabora wanakuuzia asali hata kama umeomba njia. Tantine alirudi na mfuko wa barafu. Mama Sifa alitupokea uso unang'aa.

"Sikuachilia mutu kugusa," alisema.

"Asante sana, mama."

"Ni mi peke yangu ndiye niligusa."

Tantine alikuwa amejikunja kuweka barafu. Akabaki hivyo hivyo, amejikunja.

"Niliomba kwanza," Mama Sifa aliendelea. "Nikasema, Bwana, hawa watu wanabeba maji ya upako, hawataki kujisifu, na mi mguu wangu unaoza. Sikuiba, binti yangu. Nilichukua kifuniko kimoja tu, nikapaka mguu, halafu nikarudishia maji yangu ya kunywa, ijae kama mbele."

"Chupa gani, mama?"

"Ile yenye upako."

"Ulijuaje ni ipi?"

"Nilifungua zote, nikaweka kidole, nikanusa. Zingine zilikuwa na harufu ya udongo. Moja tu haikunuka kitu cha dunia hii. Nikajua ni yenyewe."

Ilikuwa shahidi.

Tantine alizitoa chupa moja baada ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye shingo ya moja kulikuwa na unga wa njano. Kwenye nyingine pia. Mi nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, mnajua mi huwa sikosi, na ulikuwa mzuri, nikaumeza pamoja na mahindi.

"Nimekosa?" Mama Sifa aliuliza. Sauti ya kwaya ilikuwa imeondoka.

Tantine alifunga chupa. Akamwelezea taratibu ni maji gani na yanakwenda kutafutwa nini ndani yake. Mama Sifa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunika kitenge usoni, akalia kimya. Na Tantine, badala ya kulia yeye, akamuuliza: "Mguu unaumaje sasa?"

"Umepoa," Mama Sifa alisema ndani ya kitenge. "Nakuapia, umepoa."

Kutoka Tabora mpaka Dar hakuna aliyegawa karanga.

Dar

Nilimuuliza Tantine kwa nini tusirudi kuchukua maji mengine. Alisema mvua zimekatika, shimo linakauka, fedha ya mradi imekwisha, na kikao hakisubiri treni. "Twende na haya. Labda tetra haitaonekana."

Rafiki yake anaitwa dada Neema, mwembamba, anaongea haraka, ana mashine inayovuma chumba kizima. Tantine alimweleza kila kitu, hata karanga. Dada Neema akasema haya, tutaona. Tukasubiri. Kwa siku hizo nilikula chipsi mayai, nikapotea sokoni, nikaulizwa mara nyingi kama mi ni Mkongo. Tantine alikaa kwenye benchi la nje ya maabara kama mtu anayesubiri mgonjwa.

Dada Neema alituita ndani.

"Sumu za mashambani sijaona. Dawa za maumivu sijaona. Tetra ipo."

"Chupa ipi?" Tantine aliuliza.

"Zote. Shimo, kisima, shahidi."

"Basi imetoka kwa Mama Sifa," nilisema. "Iko wazi. Kisima hakina kitu."

"Ingeweza kuwa hivyo," dada Neema alisema. "Lakini huko kwenu, watu wenye vidonda hawafungui vidonge wakamwaga unga?"

Tantine alijibu: "Kila nyumba."

"Halafu wanaoga wapi? Maji ya kuoga yanakwenda wapi?"

"Mferejini."

"Basi inaweza ikawa ilikuwemo tangu Ruziba, na yule mama akaongeza tu. Au haikuwemo hata chembe. Shahidi ndiye angetuambia, na shahidi kaguswa kama wengine. Aisha, siwezi kukuandikia kwamba ipo kisimani. Siwezi kukuandikia kwamba haipo. Lete maji mengine."

"Lini?" Tantine alisema. Hakuwa anamuuliza dada Neema.

Zahanati yenyewe, mnaona, hata haikufika kwenye mazungumzo. Tulikuwa tumemsingizia daktari, kumbe labda ni sisi, na magoti yetu, na tetra zetu za kununua moja moja dukani. Ama labda si sisi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini watu wanapenda uongo.

Kurudi

Tulirudi kwa basi, maana treni hakuna aliyetaka hata kuisikia. Glasiyeri ilikuwa tupu na bado ilinuka samaki. Sehemu moja baada ya Kahama nilimwambia:

"Tantine, sema haiko. Shefu anataka neno moja. Mpe. Nani atakwenda Dar kuhakikisha?"

"Na ikiwa iko?"

"Kidogo hivyo inaua nani?"

"Sijui. Ndiyo shida, Saidi, sijui inafanya nini kwa mutu anayeinywa kila siku toka utoto. Bibi yako atakunywa kwa sababu mi nimesema."

"Bibi anakunywa hata usiposema."

"Basi asinywe kwa mdomo wangu."

Nikamwambia kwamba akisema hajui, watafukia. Alisema anajua hilo, ni kitu pekee anachokijua. Akageukia dirisha, na mi nikafungua ile asali ya Tabora, nikaila kwa kidole mpaka nikaumwa tumbo.

Ruziba tena

Kikao kilikuwa kwenye kiwanja cha shule. Tantine alisimama, akaeleza yote bila kuficha: kizuizi, treni, mguu wa Mama Sifa. Watu walicheka pale pa kucheka. Kisha wakasubiri neno lao.

"Kwa hiyo," shefu alisema, "iko ama haiko?"

"Sijui, mzee. Nipeni mvua moja tena, nichukue maji mapya."

"Aisha. Umetoka hapa umevuka inchi nzima mpaka Dar kutuletea sijui? Sijui tulikuwa nazo hapa."

"Ningewadanganya ingekuwa rahisi."

"Najua," alisema, na alisema kwa heshima. "Nakushukuru. Lakini kikao hakiwezi kuwaambia wamama wawape watoto sijui wakunywe."

Mama mmoja akauliza Tantine kama angempa mtoto wake maji yale. Tantine akajibu hana mtoto, lakini yeye mwenyewe anakunywa. Yule mama akasema hiyo si jibu, na kweli, haikuwa. Bibi alinong'ona karibu nami kwamba kama maji yangekuwa yanamuua angekuwa ameshakufa, lakini hakunyanyua mkono kusema. Wengine walinyanyua. Mikono ilikuwa mingi.

Waliofukia ni wale wale waliochimba. Mi pia nilibeba udongo, tulitolewa shule kwa ajili hiyo, na nyinyi wengine mlikuwepo, mliimba hata. Tantine aliomba kokoto zitolewe kwanza, zioshwe, zitunzwe kwa siku nyingine. Zilitunzwa siku chache. Sasa ziko kwenye sakafu ya duka jipya la simu, na ni sakafu nzuri.

Kiangazi kimeingia. Tantine anakuja kila wiki, anasimama uani, anasikiliza ndoo inavyochelewa kugusa maji, kisha anamsaidia Bibi kuchambua mchele. Kamba ya zamani haifiki tena. Nimeunga kipande cha kamba ya mbuzi, halafu kamba ya kuanikia nguo. Jana ndoo ilirudi nusu tope. Bibi aliiweka kivulini itulie, akaifunika sahani, akaniambia niende kwa jirani nikatafute kamba nyingine.